Hata Mmea ni Mnyamapori: Kusaka Mimea Adimu ya Kwale

Hotuba hii niliitoa jioni moja hapa Mombasa, mbele ya walimu, wanafunzi, wachongaji na wauza miti shamba wachache. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa tu mahali nilipojirudia, na utani mmoja uliochekesha ukumbini lakini kwenye karatasi umepoa.

Assalaamu alaykum. Hamjambo wazee wangu, hamjambo mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa nyuma mkidhani sitawaona, hamjambo.

Nianze na neno moja. Mwaka 2013 Kenya ilipata sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori. Imeandikwa kwa Kiingereza, na ukiisoma utakuta imeeleza lile neno lake kubwa, "wildlife", kuwa ni mnyama, mmea au kijidudu chochote cha asili kinachoishi porini. Mmea umo. Sasa lilete neno hilo kwetu. Sisi tunasema "wanyamapori". Mnyama, tena wa pori. Mmea umetolewa nje kabla ya kikao kuanza! Ndiyo maana ukimwambia mtu wa Kwale kwamba kandokando ya shamba lake pana mti unaolindwa na sheria ileile inayomlinda ndovu, anakutazama kama mtu aliyeshinda juani bila kofia. Ndovu anamjua. Ndovu amekula mahindi yake, amevunja minazi yake, na askari wa wanyamapori wamekuja kwa sababu ya ndovu. Mti umesimama tu.

Kazi yangu ni hiyo iliyosimama tu. Miaka kadhaa sasa navuka Likoni, au siku hizi nazunguka Dongo Kundu foleni ya feri ikichacha, naenda kutafuta na kuhesabu mimea ambayo sheria inaitaja kwa jina lakini haijui inakaa wapi. Sheria ile mwishoni ina jedwali, jedwali la sita, na humo majina yamepangwa kwa kadiri ya hatari, kwa Kilatini. Ni majina matupu, hayana ramani. Na mti usio na anwani hauna wakili. Siku tingatinga linapokuja kufungua barabara, au mtu anapokatiwa kiwanja, hakuna wa kuinuka akasema: hapo, palepale, simama kwanza. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Mengine nitakayosema yanalizunguka hilo.

Kwa nini Kwale? Kaunti ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 8,000, na sehemu yake kubwa, ukielekea Kinango na Lunga Lunga ya ndani, ni nyika kavu. Lakini karibu na bahari na kwenye vilima vimebaki vipande vya msitu wa zamani: Shimba Hills, Mrima, Jombo, Marenji, Gongoni, Muhaka, na makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Vipande, nasema. Vingine ukiingia upande huu na kupiga kelele, wa upande wa pili anakuitikia. Na kwenye vipande hivyo kuna vitu ambavyo havipo penginepo duniani. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwa mara ya kwanza mti mpya kwa sayansi, wakaupa jina la kilima cha Jombo: Uvariodendron dzomboense. Msitishwe na jina. Ni jamaa ya mstafeli na mtopetope, hao mnaokula matunda yao. Fikirini: 2021. Watu walishapeleka vyombo Mars, na hapa, mwendo wa saa chache kutoka Marikiti, kulikuwa na mti ambao vitabu vya sayansi havikuwa na jina lake. Wanaokaa chini ya kilima nadhani walikuwa na lao. Hapo nitarudi.

Mwingine ni Gigasiphon macrosiphon. Unaota Kwale, na upo pia Tanzania kwenye misitu michache. Ua lake ni jeupe, kubwa, petali moja ikiwa imetiwa manjano, na mtu akiliona mara ya kwanza chini ya msitu anadhani limedondoka kutoka kwenye harusi. Ukiukosa msimu wake wa maua, unapita chini yake huna habari.

Watu huniuliza, adimu ni adimu kiasi gani? Kuna vipimo vya kimataifa, vya IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa maumbile, na kimoja ni rahisi kukikumbuka: mmea ukibaki na chini ya 50 iliyokomaa duniani kote, uko kwenye daraja la mwisho kabla ya kupotea porini. Hamsini. Matatu nne za abiria 14 zinawabeba wote, na viti vinabaki. Na si mfano wa kubuni. Kule Lamu, msitu wa Witu, upo mti wa jamii ya mtupa, Euphorbia tanaensis, ambao ile iliyokomaa unaweza kuihesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Iliyokomaa, angalieni neno hilo. Miche haihesabiwi. Unaweza kuwa na miche 300 chini ya mti mmoja, na kwenye daftari ukaandika: moja. Kwa sababu mche ni ahadi tu, na ahadi nyingi msituni huliwa na mbuzi.

Basi twende kazini. Wengi wanadhani kazi hii inaanzia msituni. Inaanzia kabatini. Pale Nairobi, kwenye Makavazi ya Kitaifa, iko hebaria ya Afrika Mashariki, mahali pa kuwekea mimea iliyokaushwa. Mizizi yake ni Amani, kule Tanga, tangu 1902, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Inakaribia sampuli milioni moja. Kila sampuli ni tawi lililobanwa, limebandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni lebo: nani alilichuma, lini, wapi. Unafungua jalada, harufu ya vumbi na dawa ya wadudu inakupanda, na unaona jani lililochumwa babu yako akiwa hajaoa. Rangi imekwenda. Kwa hiyo lebo nzuri husema: ua lilikuwa zambarau, utomvu mweupe, gome likikwaruzwa linanuka hivi. Lebo mbaya husema: "Mombasa". Basi! Wasafiri wa zamani waliteremka hapa bandarini, wakaingia bara siku tatu, wakachuma, na wakaandika jina la bandari. Nimewahi kutafuta "Mombasa" ya namna hiyo kwa wiki mbili. Ilikuwa Kwale, au ilikuwa Rabai, Mungu ndiye ajuaye.

Baada ya kabati kuna vibali. Hapo nipite haraka, si kwamba ni jambo dogo, bali nitawalaza usingizi. Kibali cha utafiti, kibali cha hifadhi, cha misitu, na cha kaya. Hicho cha mwisho hakina muhuri lakini ndicho kigumu kuliko vyote. Unakwenda kwa wazee, unakaa, unaulizwa wewe ni mwana wa nani, unaeleza unataka nini na utaondoka na nini. Ukisema "nitakata tawi moja", wanaulizana wao kwa wao, na wakati mwingine jibu ni hapana. Nimewahi kurudi bila kuingia. Kaya Kinondo, kule Diani, wageni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na kuna miiko ya kufuata. Usivunje kijiti, usichukue kitu, hata jani lililoanguka.

Ndani ya msitu kazi ni ya kuchosha na haina picha nzuri. Tunavuta kamba, mita 100, tunatembea juu yake polepole, na kila mti unaotuhusu upande huu na ule tunaupima unene kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua. Tunaandika. Mmoja anaita, mmoja anaandika, mmoja anaangalia nyoka. Baada ya saa tatu yule wa nyoka ndiye anayefurahia kazi yake.

Sasa niwape kisa. Tulikuwa tukitafuta mti mmoja, sitautaja, na sababu mtaisikia. Lebo ya kabatini ilikuwa nzuri, ya miaka ya nyuma, ikasema msitu fulani mdogo. Tulitembea siku mbili. Tulivuta kamba juu na chini, hatukuona kitu. Jioni ya pili tumekaa kwenye njia, tumechoka, tunakula viazi karai vilivyopoa, akaja nyanya mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, wanangu. Mumepoteza nini? Tangu jana mwazunguka kama kuku atakaye kutaga."

Nikamwonyesha picha ya jani. Akaitazama kwa mbali, akaisogeza, akacheka. Akasema jina lake. Halafu akasema, huu si mti, huu ni moshi. Ukiutia jikoni nyumba nzima walia. Akatua mzigo, akatupeleka. Ulikuwa nje ya msitu! Mita labda 200 nje, kwenye ukingo wa shamba la mihogo, saba imesimama pamoja. Miti yote ya kuni mizuri iliyokuwa pale ilishakwenda. Hiyo saba ilibaki kwa sababu ni kuni mbaya.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu kwa nini mmea unakuwa adimu. Hakuna nilichosoma kuhusu mmea uliookolewa na moshi wake. Na sisi tulikuwa tunatafuta ndani ya msitu, kwa sababu lebo ilisema msitu. Msitu ulikuwa umerudi nyuma, miti ikabaki pale ulipokuwa.

Tangu siku ile siendi mahali bila kuwauliza kwanza wanaokata kuni, wachunga mbuzi na waganga. Lakini majina ya watu nayo yana mitego yake, msije mkadhani nawasifu tu. Jina moja hubeba mimea mitatu, na mmea mmoja una majina manne ukivuka mto. Mfano mnaoujua wote: mwarobaini. Wagiriama wanauita mkilifi. Ukisikia mkilifi, utasema huyu ni mwenyeji kabisa, mzaliwa wa Kilifi. Kumbe mwarobaini ni mgeni kutoka Bara Hindi, na siku hizi unaingia kwenye misitu ya makaya na kuisongamanisha ile ya asili. Jina limempa uraia! Kwa hiyo jina tunaliandika, tunashukuru, na jani tunalichukua vilevile likapimwe na mengine.

Nikiri na kosa langu mwenyewe, maana nimewasema wa lebo mbaya. Mwanzoni mwa kazi hii niliandika ripoti kuhusu mti mmoja, nikauweka kwenye ramani, ukaonekana uko ndani ya mpaka wa hifadhi. Nikapumzika, nikasema huu uko salama. Mwaka uliofuata mwenzangu akaenda na kifaa cha GPS, akanipigia simu: hapa hakuna mti. Nikamwambia tafuta vizuri. Akatafuta. Hakuna. Jioni tukafungua ramani na ndipo nilipopata aibu. Ramani zetu za zamani za Kenya, zile za karatasi, zimechorwa juu ya kipimo cha dunia cha Arc 1960. Kifaa cha GPS kinatumia kipimo kingine, WGS84. Namba zilezile, ukizichukua kutoka huku ukazitia kule bila kuzigeuza, zinahama takriban mita 300. Mimi nilizitia tu. Mti ulikuwa mita 300 kutoka nilipouandika, na mita 300 zilitosha kuutoa hifadhini na kuuweka kwenye ardhi ya watu. Ulikuwa bado umesimama, alhamdulillahi. Lakini kwa mwaka mzima, kwenye karatasi, mti uliohitaji kutetewa ulikuwa na ulinzi ambao haukuwa nao. Kosa la mita 300 halimuumizi mpanda mlima. Kwangu mimi lilikuwa mpaka mzima. Wanafunzi wa ramani mliopo hapa, kila namba mnayoiandika andikeni pembeni yake ni ya kipimo gani. Msicheke, mtanikumbuka.

Kuhesabu kwenyewe nako kuna hila. Chukueni mtapo. Wengi mmeuona, unafanana na mnazi mfupi mnene uliokasirika, majani magumu yenye miiba. Kwa Kilatini ni Encephalartos hildebrandtii, jina la Mjerumani Hildebrandt aliyekusanya mimea pwani yetu katika miaka ya 1870. Shimba Hills iko mingi ya kutosha. Sasa, mtapo una dume na jike, mti mmoja hauwi vyote viwili. Ukiwa hauna koni, kile kiungo chake cha uzazi, huwezi kuwatofautisha. Unaweza kuhesabu mitapo 40 mahali, ukafurahi, kumbe yote ni madume. Hiyo 40 ni wazee wanaosubiri kufa bila mtoto. Afrika Kusini yupo ndugu yake, Encephalartos woodii, aliyepatikana mwaka 1895 katika msitu mmoja tu. Dume. Tangu hapo watu wametafuta jike kila mahali hadi leo hawajampata, na yote iliyopo kwenye bustani za dunia ni vichipukizi vya dume lilelile. Kwa hiyo kwenye daftari langu safu ya mtapo ina sehemu tatu: dume, jike, na sijui. Safu ya sijui ndiyo ndefu, na hainifedheheshi. Narudi msimu wa koni.

Kurudi, jamani. Ningekuwa na fedha za safari kumi ningependa kwenda mahali pamoja mara kumi kuliko mahali kumi mara moja. Baada ya mvua za mwaka, yaani masika, mambo yanayochipuka chini ya miti si yale utakayoyaona wakati wa kaskazi kila kitu kimekauka. Okidi nyingi bila ua ni majani tu yaliyoshika tawi, na ua lenyewe linakaa siku chache. Mtu aliyekwenda mara moja, Februari, akaandika "hakuna", amekosea ingawa hakusema uongo. Mimi siandiki "hakuna". Naandika "hatukuona", na chini yake: watu wangapi, saa ngapi, mwezi gani. Kwa sababu yule atakayesoma huenda ndiye mwenye kalamu ya kuidhinisha machimbo ya kokoto, na neno "hakuna" kwake ni ruhusa.

Na kurudi pia hukutia huzuni. Mwaka 1977, pwani yetu hii hii, ulipatikana mti mmoja wa Karomia gigas. Miaka michache baadaye waliporudi, ulikuwa umekatwa. Mti wa pekee uliojulikana Kenya. Sidhani aliyeukata alikuwa mtu mbaya, alihitaji mti, akaona mti. Baadaye ulikuja kuonekana Tanzania, ukapotea tena, na mwaka 2011 ukapatikana tena huko, miti michache sana. Hapa kwetu iliyobaki ni sampuli ya kabatini.

Mtaniuliza, je, sheria inasaidia? Inasaidia pale inapofika. Lakini niwaambie nilichokiona kwa miguu yangu. Nikichora ramani ya mimea adimu ya Kwale na Kilifi, nikaweka juu yake ramani ya makaya, vinakaribia kulingana. Makaya yalilindwa karne nyingi kwa kiapo na kwa hofu, kabla ya Gazeti la Serikali kuwapo. Serikali ilianza kuyatangaza kuwa kumbukumbu za kitaifa mwaka 1992, na UNESCO ikayaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ni heri. Ila wazee wanasema, na mimi nakubaliana nao, kwamba kibao cha bati kinachosema "usikate" kinamzuia anayejua kusoma, na laana ilimzuia kila mtu. Vijana wengi sasa wanajua kusoma na hawaogopi laana. Hapo katikati ndipo miti inapoondokea.

Sasa kwa nini sikutaja ule mti aliotuonyesha nyanya wa kuni? Kwa sababu nimesema mti usio na anwani hauna wakili, na ni kweli, lakini anwani hiyohiyo ikimfikia mwingine ni mwaliko. Kuna watu wanakusanya mimea kama wengine wanavyokusanya saa za mkononi. Kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi inaota urujuani wetu wa Afrika, mmoja wa wale wa jamii ya Saintpaulia, wenye majani laini ya vinyweleo kama shavu la mtoto na ua dogo la zambarau. Ndugu zake walichukuliwa Tanga mwisho wa karne ya 19 wakapelekwa Ujerumani, na leo wako kwenye madirisha ya nusu ya dunia. Huyu wa Kilifi amebaki kwenye mawe machache, na mtu mwenye begi dogo anaweza kumaliza jiwe zima kwa asubuhi moja. Kwa hiyo namba kamili tunazipeleka kwa wenye dhamana na kwa wazee wa pale. Kwenye ripoti ya watu wote tunaandika kata, au tunazungusha namba hadi mtu akizifuata apotee kilomita kadhaa. Hili linawaudhi wanafunzi. Naomba radhi, lakini sitalibadilisha.

Nimalizie na nyinyi, maana nimewasema watu wa Kwale muda mrefu kama kwamba Mombasa haimo. Mombasa imo sana. Mbao za milango na masanduku ya Mji wa Kale zilikuwa miti mahali fulani. Wachongaji wetu walikula mpingo na muhuhu miaka mingi. Mpingo tangu 2017 uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ukiuza kinyago nje ya nchi huenda ukaulizwa karatasi. Wapo waliohamia kwenye mwembe na, mtapenda hili, mwarobaini. Yule mgeni mwenye jina la Kilifi! Mchonge kwa wingi, wallahi, kila kinyago cha mwarobaini mimi nakihesabu kama siku moja ya kazi yangu. Ndugu zangu wa miti shamba, sina ugomvi nanyi, nyanya yangu alinikuza kwa mizizi yenu. Ila gome likibanduliwa kuzunguka mti mzima, mti unakufa. Bandueni upande mmoja, na mwulizeni aliyewaletea alibandua vipi. Mshubiri wa porini ulikatazwa kuvunwa kiholela tangu amri ya rais ya 1986, na mishubiri yote ya pori imo kwenye CITES, basi otesheni wenu. Na mwenye bustani nzuri Nyali aliyeuziwa mtapo mkubwa wenye shina la mita moja: shina hilo limechukua miaka mingi sana kukua, na halikukulia kwenye kitalu cha barabarani. Mitapo yote ya jamii hiyo iko kwenye daraja la juu kabisa la CITES. Mwulizeni aliyewauzia aliung'oa wapi, halafu mniambie.

Nashukuru kwa kunisikiliza.

Hapo hotuba ilikwisha, yakaja maswali. Nayaacha mengi. Mzee mmoja wa kofia ya kiua, mchongaji mstaafu, alisimama akauliza: "Mwanangu, ule mti wa moshi uko wapi hasa?"

Nikasema: "Uko Kwale, mzee."

"Kwale ni kubwa."

"Ndiyo, mzee."

Watu wakacheka, naye akacheka, akakaa. Lakini wakati wa chai alinifuata pembeni, akatazama huku na huku, akaniambia kwamba kijijini kwa ujombani mwake, alipokuwa kijana, palikuwa na mti ambao mjomba wake alimkataza kuukata kwa sababu maua yake yalikuwa makubwa kama kiganja, meupe, na moja ya petali kama imepakwa manjano. Hajaenda huko miaka 30. Hakujua kama upo. Nilimtolea daftari, akaniandikia jina la kijiji kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa kuandika. Tumeagana kwenda pamoja baada ya mvua, feri ya kwanza, yeye na mjukuu wake na mimi. Kwenye safu ya mahali nimeandika: hatujaona bado.